Mtoto, Kitu Kilichofichwa na Aya ya 78 ya Sura An-Nahl



Katika Sura An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa tulizaliwa bila kujua lolote, naye akatujaalia masikio, macho na nyoyo. Wapo wanaouliza: je, saikolojia tunayosomeshwa darasani haipingani na aya hii?

Jean Piaget wa Uswisi aliwachunguza wanawe watatu, na mwaka 1937 akatoa kitabu juu yake. Aliona kwamba kabla ya miezi 8 hivi, ukifunika kwa kitambaa kitu anachochezea mtoto, hakitafuti. Kati ya miezi 8 na 12 hukifunua, lakini ukikihamishia mahali pa pili naye anakuona, mara nyingi hurudi kutafuta pale pa kwanza. Karibu na miaka 2 hukisaka hata kama hakuona kikihamishwa.

Mwaka 1985 Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman walipima macho badala ya mikono. Watoto wa miezi 5 walioneshwa ubao ukiinuka na kuangukia nyuma, palipokuwa na sanduku. Ubao ulipoonekana kupita kana kwamba sanduku halipo, waliutazama muda mrefu zaidi. Watafiti hao wakasema: mtoto anajua sanduku lingalipo, ila mikono bado haijaweza kutafuta. Wengine hawakukubali, kwani kutazama sana si lazima kuwe ni kujua.

Je, kuna mgongano? Hapana. Aya inazungumzia kutoka tumboni mwa mama. Mtoto wa miezi 5 amekwisha kuona na kusikia mengi.

Hata hivyo, tusikimbilie kutangaza kuwa jaribio hili "limethibitisha" Qur'ani. Wataalamu bado wanabishana. Anayeiegemeza imani yake kwenye nadharia, nadharia ikianguka ataegemea nini?

Wala tusiifananishe ghaibu na sanduku hilo. Mtoto aliliona kwanza, kisha likafichwa. Sisi tunaamini tusichokiona kwa sababu ya habari aliyotuletea Mtume mkweli (S.A.W.).

Aya inaishia kwenye shukrani. Kwa mwanafunzi, shukrani ya macho ni kuchunguza kwa makini, na shukrani ya moyo ni kutosema zaidi ya anachokijua.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.