Fahali Wengi Katika Zizi Moja: Jinsi Simu Zinavyogawana Hewa

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa kwetu Garissa methali hiyo haihitaji mfafanuzi, kwani mifugo tunaijua. Hata hivyo, tazama juu ya mji wetu. Simu za Safaricom na za Airtel, stesheni za FM na redio za polisi, zote zinapita katika hewa ile ile moja, na kila mtu anasikia chake. Je, fahali hawa wanakaaje bila kupigana? Hilo ndilo somo langu leo.

Kwanza tuelewe masafa. Simu ya mkononi haina waya. Sauti yako hugeuzwa kuwa mawimbi ya redio, nayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kila wimbi hutetemeka mara fulani kwa sekunde, na idadi hiyo ndiyo masafa yake. Megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde. Redio za FM zimetengewa megahezi 87.5 hadi 108. Simu za mfumo wa GSM zilitengewa megahezi 890 hadi 915 za kusema na mnara, na 935 hadi 960 za mnara kuijibu simu.

Sasa, minara miwili iliyo karibu ikitumia masafa yale yale kwa wakati mmoja, simu haijui imsikilize nani. Ni kama walimu wawili kusomesha darasa moja kwa pamoja, huyu Hesabu, yule Historia. Utasikia kelele nyingi na hutaambulia kitu. Hali hiyo huitwa mwingiliano wa mawimbi.

Dawa yake inafanana na utaratibu wa kisima wakati wa kiangazi. Tunajua kwamba watu wenye ngamia wengi hunywesha kisima kimoja bila vita iwapo kuna mapatano. Mapatano ya masafa yana mambo matatu.

Mosi, kugawana. Kila kampuni hupewa sehemu yake, kama vile kila ukoo kuwa na birika lake. Zile megahezi 25 za GSM hutoa njia 124, kila moja ikiwa na upana wa kilohezi 200.

Pili, zamu. Njia moja huhudumia watu 8 kwa zamu, na zamu huzunguka upesi hivi kwamba msemaji hatambui kuwa amengojeshwa.

Tatu, umbali. Zidisha 124 kwa 8, utapata 992. Maana yake ni kwamba kila njia ingetumika mara moja tu katika Kenya nzima, hata watu 1,000 wasingeweza kuongea kwa mpigo! Basi wataalamu hurudia njia ile ile mahali pa mbali. Mnara wa kawaida wa GSM hauhudumii zaidi ya kilomita 35. Kutoka hapa mjini hadi Dadaab ni kama kilomita 100, kwa hiyo njia inayotumika hapa yaweza kutumika tena kule bila matata.

Na msimamizi wa kisima ni nani? Nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoanza mwaka 1999 ikiitwa Tume ya Mawasiliano ya Kenya. Ulimwenguni kuna Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ulioanzishwa Paris mwaka 1865, enzi za telegrafu. Muungano huo hauna askari. Nguvu yake ni mapatano ya nchi wanachama.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwetu sisi wa Kaskazini Mashariki. Mawimbi hayabebi kipande wala pasipoti. Chukua mji wa Mandera. Bula Hawa ya Somalia iko pua na mdomo, na ukivuka Mto Daua uko Ethiopia. Mnara mmoja unaweza kumulika nchi tatu! Ili Kenya ipatane na jirani, lazima jirani awe na mtu wa kuketi naye. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991. Kampuni za simu zilijenga minara na kustawi, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na mamlaka ya taifa ya kugawa masafa. Sheria ya mawasiliano ilipatikana mwaka 2017, na mamlaka ikaundwa mwaka 2018.

Si jambo la vitabuni tu. Mjomba wangu anaishi Mandera. Usiku mmoja mkewe alishikwa na uchungu wa uzazi. Mjomba akapiga simu kuita gari, wapi! Simu ilikuwa imehamia mnara wa ng'ambo na ikakataa kupita. Ikambidi akimbie kwa jirani mwenye laini nyingine. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini dakika zile mjomba hajazisahau. Kuhama huko si mwingiliano hasa, ila chanzo ni kimoja: mawimbi kuvuka mpaka.

Wengine husema, ati tujenge minara yenye nguvu zaidi. La hasha! Ukipaza sauti, jirani naye atapaza yake, mwishowe nyote mtakuwa viziwi. Njia bora ni nchi kugawana njia za kutumia karibu na mpaka, kuweka kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayovuka, na kuinamisha antena zielekee kwa watu wake. Na wewe uliye mpakani, ingia katika mipangilio ya simu uchague mtandao wako mwenyewe, usiiachie simu ikuchagulie.

Kwa hiyo fahali wanaweza kukaa zizi moja, mradi wenyewe wameketi na kupatana.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini Garissa na Dadaab zaweza kutumia njia moja, lakini Mandera na Bula Hawa haziwezi bila mapatano?
2. Megahezi 5 zina njia ngapi za kilohezi 200? Ni watu wangapi wataongea kwa zamu?
3. Taja kitu kingine kinachovuka mpaka wetu bila ruhusa, na ueleze majirani wapatane vipi juu yake.