Silaha na Sauti: Usomaji wa Kifeministi wa Mhusika wa Kike katika Filamu za Mapigano

Utangulizi

Kwa muda mrefu filamu za mapigano za Marekani zilimtengea mwanamke nafasi finyu. Alitekwa nyara ili shujaa apate sababu ya kupigana, akauawa ili shujaa apate sababu ya kulipiza kisasi, au akangoja mwishoni awe tuzo ya ushindi. Kuanzia miaka ya 1970 hali hii ilianza kubadilika. Sasa si ajabu kumwona mhusika wa kike akifyatua risasi, akiendesha gari la vita na kuwashinda wanaume kwa nguvu za mwili. Je, mabadiliko haya ni ukombozi, au mwanamke amevikwa tu kilemba cha ukoka?

Swali hili linamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kama linavyomhusu mtazamaji wa filamu. Katika insha zetu za uhakiki, aghalabu tunatosheka kuorodhesha sifa: mhusika fulani ni jasiri, ana msimamo, ni mwanamapinduzi. Kisha tunahitimisha kwamba msanii amemsawiri mwanamke vyema. Makala haya yanashikilia kwamba ujasiri wa mhusika si kipimo cha kutosha. Yapo maswali matatu yanayopaswa kuulizwa kabla ya hukumu kutolewa: Nani anayetazama? Nani anayeamua? Kisa chenyewe ni cha nani?

Misingi ya Kinadharia

Mjadala wa kifeministi kuhusu filamu ulipata msukumo mkubwa kutokana na makala ya Laura Mulvey iliyochapishwa mwaka 1975 katika jarida la Screen. Akitumia saikolojia changanuzi ya Freud na Lacan, Mulvey alidai kuwa sinema ya Hollywood imejengwa juu ya jicho la kiume. Mwanamume ndiye mtazamaji na mtendaji, naye ndiye anayekisukuma kisa mbele. Mwanamke ni kitu cha kutazamwa na mara kwa mara kisa husimama ili mwili wake utazamwe. Jicho hilo lina tabaka tatu: la kamera, la wahusika wenyewe, na la hadhira iliyoketi gizani.

Wahakiki waliofuata waliiendeleza hoja hii na kuipinga. Carol Clover (1992), akichunguza filamu za kutisha, alibainisha msichana anayesalia hai baada ya wenzake wote kuuawa. Kwa maoni yake, msichana huyu amepewa sifa za kiume kiasi kwamba mtazamaji wa kiume hujitambulisha naye bila wasiwasi. Yvonne Tasker (1993) alionyesha kuwa misuli ni ishara ya nguvu isiyomilikiwa na wanaume peke yao; mwanamke mwenye misuli anaitikisa mipaka ya kijinsia ambayo jamii huichukulia kuwa ya kimaumbile. Naye bell hooks (1992) aliwakosoa mafeministi wazungu kwa kumzungumzia "mwanamke" kana kwamba wanawake wote ni weupe. Mtazamaji mwanamke mweusi, alieleza, ana jicho lake la upinzani, kwa sababu picha inayosifiwa kuwa ya urembo haikumkusudia yeye.

Ripley: Mwenye Kujua Asiyesikizwa

Filamu ya Alien (1979) ya mwelekezi Ridley Scott ni mfano mwafaka wa kuanzia. Mswada wake wa awali uliwaandika mabaharia wa chombo cha angani bila kuzingatia jinsia, hivi kwamba nafasi yoyote ingeweza kuigizwa na mwanamume au mwanamke. Pengine ndiyo sababu Ripley, anayeigizwa na Sigourney Weaver, haanzi kama mpenzi wala mke wa mtu. Anaanza kama mfanyakazi anayeijua kazi yake. Mwenzao anaporejeshwa akiwa na kiumbe usoni, Ripley anakataa kufungua mlango kwa kuzingatia kanuni za karantini. Nahodha anaamuru ufunguliwe, naye afisa wa sayansi anaufungua. Wote wanaangamia isipokuwa Ripley na paka wake. Chanzo cha maafa, basi, si udhaifu wa mwanamke; ni kupuuzwa kwa uamuzi wake.

Hata hivyo, karibu na mwisho Ripley anavua mavazi na kusalia na nguo za ndani, huku kamera ikimfuatilia polepole. Hapa jicho alilolieleza Mulvey linarejea. Mhusika aliyejithibitisha kwa akili anarudishwa kwa muda katika nafasi ya kutazamwa.

Katika Aliens (1986), iliyoelekezwa na James Cameron, Ripley anaamka baada ya usingizi wa miaka 57. Anatoa ushahidi mbele ya wakubwa wa kampuni, haaminiwi, na ananyang'anywa leseni yake. Baadaye anamlinda mtoto Newt na kukabiliana na malkia wa viumbe wale akiwa ndani ya mtambo wa kubebea mizigo. Wahakiki wametofautiana kuhusu pambano hilo. Wapo wanaoliona kuwa ushindi wa mwanamke mfanyakazi. Wengine wanaliona kuwa njia ya kuuhalalisha ukali wake kwa kuufanya wa kimama: mwanamke anaruhusiwa kupigana mradi anampigania mtoto. Mwanamume katika filamu za aina hii hahitaji idhini kama hiyo.

Sarah Connor: Misuli na Ukimya

Suala la umama linajitokeza kwa uwazi zaidi katika Terminator 2 (1991), pia ya Cameron. Sarah Connor, anayeigizwa na Linda Hamilton, alikuwa mhudumu wa mkahawa katika filamu ya kwanza ya mwaka 1984. Sasa tunampata amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akijinyanyua kwa mikono kwenye fremu ya kitanda alichokisimamisha. Misuli yake inaiunga mkono hoja ya Tasker. Kama Ripley, anaujua ukweli, na kwa kuujua anahesabiwa kuwa mwenda wazimu.

Lakini tukiuliza ni nani anayeamua, picha inabadilika. Sarah anapoanza kuwashutumu wanaume kwa kubuni vyombo vya mauaji, mwanawe mdogo anamkatiza na kumtaka aseme la maana. Umuhimu wake katika historia unatokana na kumzaa kiongozi wa kiume wa siku zijazo. Hata hivyo, haifai kusahau kwamba sauti inayosimulia filamu ni yake. Ana usimulizi, lakini hana mamlaka kamili juu ya kisa anachokisimulia. Mhakiki anayeihesabu misuli pekee hawezi kuuona mvutano huu.

Mwanamke Mweusi na Kiti cha Enzi

Kabla ya Ripley, Pam Grier alikuwa ameigiza mashujaa wa kike wenye silaha katika Coffy (1973) na Foxy Brown (1974). Historia inayoanza mwaka 1979 humsahau, na kusahau huko kunathibitisha lalama ya bell hooks. Hata hivyo, katika Coffy, muuguzi anayelipiza kisasi kwa wauzaji wa dawa za kulevya hulazimika kujifanya kahaba ili awafikie. Anatenda, lakini anatenda kupitia jicho lile lile linalomdunisha.

Zaidi ya miongo minne baadaye, Black Panther (2018) ya Ryan Coogler iliwaonyesha walinzi wa kike wa mfalme wakiongozwa na Okoye, pamoja na Nakia, nafasi iliyoigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o. Okoye anaweka taifa mbele ya mpenzi wake, nao utu wake haupimwi kwa urembo. Hata hivyo, kiini cha mgogoro ni wanaume wawili wanaogombania kiti cha enzi. Wanawake wanakilinda, hawakigombei.

Furiosa: Kisa cha Nani?

Mad Max: Fury Road (2015) ya George Miller inalijibu swali hilo kwa namna tofauti. Jina la filamu ni la Max, lakini safari ni ya Furiosa, anayeigizwa na Charlize Theron. Yeye ndiye anayepanga kuwatorosha wake watano wa mtawala dhalimu. Katika tukio moja Max anakosa shabaha, anabakiwa na risasi moja, kisha anamkabidhi Furiosa bunduki na kumwachia bega lake aiegemeze. Hakuna hotuba ya usawa inayotolewa. Uhusiano wa mamlaka umegeuzwa kwa kitendo. Tena wanawake hawatosheki na kutoroka. Wanarudi kuitwaa ngome na kuyafungulia watu maji. Mapigano yamegeuka swali la nani amiliki rasilimali.

Hata filamu hii haikosi dosari: wake hao wanapoonekana kwa mara ya kwanza, wanajimwagia maji wakiwa na vitambaa vyepesi, na kamera haina haraka ya kuondoka.

Hitimisho

Tumeona kuwa silaha mkononi mwa mwanamke haimhakikishii sauti. Ripley ana maarifa lakini hasikizwi, Sarah ana misuli lakini anakatizwa, Okoye ana mkuki lakini kiti si chake. Furiosa anakaribia zaidi kwa kuwa kisa kinaenda anakokielekeza. Maswali yetu matatu yanaweza kutumiwa hata katika fasihi andishi ya Kiswahili. Lanina katika Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui hakumbukwi kwa nguvu za mwili, bali kwa kuwaongoza wafanyakazi kudai haki yao; uamuzi wake ndio unaoisukuma tamthilia.

Inapendekezwa, basi, kwamba tunapoandika kuhusu mhusika wa kike tusiishie kwenye orodha ya sifa. Mhusika anaweza kuitwa shujaa katika kila ukurasa na bado akawa chombo cha kisa cha mtu mwingine. Kazi ya uhakiki wa kifeministi ni kulitambua hilo hata pale ambapo sifa zinatolewa kwa wingi.