Chembe Zinazonasa Sumu

Sisi wa Sapiwi, Bariadi, tunalima pamba, na pamba hunyunyiziwa dawa ya wadudu. Dawa hiyo ikiingia kisimani, jicho haliioni. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini sumu si kijidudu. Je, wataalamu huitambuaje?

Njia mojawapo ni chembe za plastiki zenye umbo la mpira. Elfu moja zikipangwa mstari hufikia milimita chache tu. Mwaka 1999 Lei Ye, Peter Cormack na Klaus Mosbach, huko Lund, Uswidi, walichapisha namna ya kuzitengeneza:

1. Kitu kinachotafutwa, kwa mfano sumu, huyeyushwa pamoja na malighafi za plastiki, nazo hukizunguka.

2. Mchanganyiko hupashwa joto la nyuzi 60 hivi kwa saa nyingi, bila oksijeni. Malighafi hushikamana zikawa chembe.

3. Sumu huoshwa itoke. Hubaki tundu la umbo lake, kama unyayo wa ng'ombe kwenye tope lililokauka.

Maji ya kisima yakipitishwa katika chembe hizo, sumu ya aina ile hunasa tunduni, kisha hutolewa na kupimwa.

Hiyo ni kazi ya maabara. Yetu ya nyumbani ni hii: chupa ya dawa ya pamba tusiitumie kwa maji wala mafuta ya kula, hata ikioshwa mara kumi. Tuitoboe. Aliyekunywa dawa tusimtapishe. Tumwahishe kituo cha afya, pamoja na lebo ya chupa.