Uchaguzi wa Mashine ya Kusindika Mazao Kijijini

Huko Natta, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, wakulima huvuna mtama, ulezi, muhogo na mahindi. Ili mazao hayo yawe ugali au uji, sharti yasagwe kwanza. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wanawake kwa jiwe la kusagia, nayo iliwachosha mno. Mashine huondoa taabu hiyo. Lakini kikundi kilichochanga fedha kwa miaka mingi chaweza kuzipoteza zote kwa kununua mashine isiyolingana na mahitaji ya kijiji.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine iliyoenea vijijini ni ile ya nyundo. Ndani yake vipande vya chuma vilivyoshikizwa kwenye mhimili huzunguka kwa kasi na kuzipiga punje mpaka zipenye katika matundu ya chekeche. Matundu yakiwa madogo, unga huwa laini zaidi, lakini nguvu nyingi hutumika. Punje zenye unyevu huziba matundu na kuongeza matumizi ya dizeli. Kwa hiyo kukausha nafaka barabara ni sehemu ya faida.

Aina mbili za gharama

Gharama za kudumu hulipwa hata mashine isiposaga: uchakavu na posho ya mwendeshaji. Gharama zinazobadilika, kama vile dizeli na grisi, hufuata wingi wa kazi. Kiasi cha kazi kisicholeta faida wala hasara hupatikana hivi:

Kilo kwa mwaka = gharama za kudumu ÷ (ada kwa kilo − gharama zinazobadilika kwa kilo)

Zichukuliwe bei za mfano. Mashine kubwa inauzwa sh. 6,000,000, na ndogo sh. 3,000,000, kila moja itadumu miaka 5. Posho ni sh. 1,200,000 kwa mwaka. Ada ni sh. 100 kwa kilo, na dizeli na grisi ni sh. 60, hivyo hubaki sh. 40.

Mashine kubwa: (1,200,000 + 1,200,000) ÷ 40 = kilo 60,000, yaani kilo 200 kwa siku katika siku 300 za kazi.

Mashine ndogo: (600,000 + 1,200,000) ÷ 40 = kilo 45,000, yaani kilo 150 kwa siku.

Ikiwa kaya 90 zinasagisha kilo 2 kila siku, kazi iliyopo ni kilo 180. Mashine kubwa itapata hasara ya sh. 240,000 kwa mwaka. Ndogo itapata faida ya sh. 360,000. Kasi ya mashine kubwa haina thamani pasipokuwa na nafaka ya kuilisha.

Mashine ya msimu

Mashine ya kukamua alizeti huweza kubakiza fedha nyingi zaidi kwa kila kilo, na mashudu yake hulisha mifugo. Hata hivyo hutegemea msimu. Ikiwa gharama zake za kudumu ni sh. 840,000 na hubakiza sh. 100 kwa kilo, itahitaji kilo 8,400, yaani magunia 140 ya kilo 60. Kabla ya kuinunua, sharti ijulikane kama magunia hayo yapo. Swali la kwanza, basi, ni mashine itafanya kazi siku ngapi, na kwa mazao kiasi gani.

Mazoezi

1. Gharama ya dizeli na grisi ikipanda hadi sh. 70 kwa kilo bila ada kuongezwa, mashine ndogo itahitaji kilo ngapi kwa siku? Je, kaya 90 zatosha?

2. Wanafunzi wahesabu kilo zinazosagishwa kwa juma katika kaya 10 za jirani, kisha wakadirie mahitaji ya kijiji kizima.

3. Kwa nini si vema kukadiria kazi ya mwaka mzima kwa kuangalia mwezi wa mavuno peke yake?