Kuchagua Motokaa ya Umeme kwa Safari za Kwetu

Katika likizo ya Juni nilipata somo la Fizikia nje ya darasa, nami naona si vema nilifiche. Somo lenyewe lahusu motokaa za umeme, yaani magari yasiyotumia petroli wala dizeli hata tone moja.

Habari ilianza hivi. Bibi yangu anakaa Muyama. Katika masika yaliyopita aliugua usiku, nasi tulisubiri gari la kukodi mpaka karibu alfajiri. Mungu alisaidia, akapona. Baada ya hapo baba na baba mdogo waliuza ng'ombe na kahawa, wakaweka fedha pamoja, ili baba mdogo, ambaye anafanya biashara Kasulu mjini, anunue gari la kufaa jamaa nzima. Akapata habari ya gari la umeme lililokwisha tumika, kubwa, la watu watano, linauzwa Dar es Salaam. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma Fizikia. Twende ukanisaidie kuhesabu." Nilifurahi mno, hata nikamwahidi Bibi kwamba tutarudi na gari.

Kabla ya safari nilitafuta habari kidogo. Gari la umeme si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2011 wataalamu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walionyesha gari dogo la umeme waliloliunda wenyewe, liitwalo Kiira EV. Na huku kwetu, mwaka 2022 Kibondo na Kasulu ziliunganishwa na gridi ya Taifa, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakitoa umeme huko yakazimwa. Basi nilijiambia kwamba umeme upo, kilichobaki ni gari tu. Hapo ndipo nilipokosea, kama mtakavyoona.

Karatasi ya muuzaji ilisema kwamba betri ina uniti 60, na kwamba ikijaa gari litakwenda kilomita 510. Uniti ni ile ile tunayonunua kwa mita ya LUKU, yaani kilowati moja kwa muda wa saa moja. Nilitoa daftari nikamwambia baba mdogo, "Kasulu mpaka Kigoma ni kama kilomita 100. Tutakwenda na kurudi mara mbili bila kuchaji!" Yeye akajibu, "Tulijaribu kwanza."

Sikushika usukani, kwa kuwa sina leseni. Baba mdogo aliendesha, nami nilikaa kando yake na daftari. Tulipakia watu watano, tukafungua kiyoyozi, tukatoka Kimara mpaka Kibaha na kurudi. Gari lilikuwa kimya kabisa. Ukikanyaga, linaondoka upesi, kwa sababu mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu mwanzo. Ukiachia, mota hugeuka kuwa jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo katika betri. Sote tulilipenda.

Tulipotoka betri ilionyesha asilimia 90. Tuliporudi ilikuwa 72, na tulikuwa tumekwenda kilomita 54. Haya, hesabu: asilimia 18 ya uniti 60 ni uniti 10.8. Gawanya kwa 54, utapata uniti 0.2 kwa kila kilomita. Kwa hiyo uniti 60 zingetupeleka kilomita 300, si 510. Na hakuna mwenye busara anayemaliza chaji yote njiani.

Je, karatasi ilisema uongo? Hapana. Magari hupimwa kwa njia mbalimbali. China wanatumia kipimo kiitwacho CLTC, na Ulaya wanatumia WLTP. Kile cha China kwa kawaida hutoa kilomita nyingi zaidi kwa gari lile lile. Gari letu lilipimwa kwa CLTC. Basi mnunuzi akiambiwa kilomita, na aulize kwanza zimepimwa kwa kipimo gani.

Jambo la pili ni milima. Watu wengi walituambia kuwa gari la umeme halitaweza milima ya Kigoma. Na tuhesabu. Tuseme gari na watu wake ni kilo 2,100, nalo linapanda mita 700 kutoka ziwani. Kazi yake ni uzito mara kimo: 2,100 mara 10 mara 700, ambayo ni jouli 14,700,000. Uniti moja ina jouli 3,600,000. Kwa hiyo mlima wote unakula uniti 4 na kidogo, na wakati wa kushuka sehemu yake hurudi. Hofu ya milima, basi, ni kubwa kuliko mlima wenyewe. Kasulu mpaka Kigoma na kurudi, kilomita 200, ingetaka kama uniti 42.

Jambo la tatu ni gharama. Tuseme uniti moja ni shilingi 360 na lita ya petroli ni shilingi 3,000. Bei zikibadilika, msomaji aweke zake. Gari la petroli linalokula lita 10 kwa kilomita 100 litatumia shilingi 30,000. Gari letu, tukihesabu na umeme unaopotea katika kuchaji, lingetumia uniti 22, yaani shilingi 7,920. Nilipoonyesha hesabu hii, nilidhani kwamba maneno yamekwisha.

Lakini baba mdogo aliuliza swali moja: "Nikirudi kutoka Kigoma saa mbili usiku, lini gari litakuwa tayari tena?" Nikahesabu. Waya wa kuchajia uliokuja na gari hutumia soketi ya kawaida ya nyumbani, nao huvuta ampea 10. Volti 230 mara ampea 10 ni wati 2,300. Kurudisha uniti 42, pamoja na zinazopotea, ni saa 20 hivi. Gari lingejaa saa kumi jioni ya kesho yake, na hapo umeme usikatike hata mara moja. Na Bibi akiugua usiku ule ule? Uniti 18 zilizobaki zisingetosha kumfuata Muyama na kumfikisha Kigoma.

Dawa ipo. Ukiweka chaja ya ukutani ya ampea 32, utapata wati 7,360, na kazi ile itakwisha kwa saa 6 hivi. Lakini lazima fundi umeme avute waya mnene wa peke yake wenye kikata umeme chake, tena tundu la gari lilingane na chaja. Tundu la magari ya China ni la namna moja, na la magari ya Ulaya ni la namna nyingine.

Mwisho nilitoa rula yangu ya shule nikapima uvungu, watu wote wakiwa ndani. Nilipata sentimita 15. Kwa umbo lilikuwa kama gari la porini, lakini magurudumu mawili tu ya mbele ndiyo yaliyovuta. Wanaojua njia zetu za udongo wakati wa masika wataelewa. Tukaomba pia karatasi ya fundi inayoonyesha afya ya betri, haikuwapo. Betri huchakaa, hasa kwa joto. Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka Desemba 2010, haikuwa na maji ya kupoza betri, na mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zimepungua mapema.

Baba mdogo alishukuru, akarudisha ufunguo. Nilinyamaza njia nzima. Nilikuwa nimemwahidi Bibi, tena nililipenda gari lile. Ndipo baba mdogo akasema, "Fedha za ng'ombe zikitoka hazirudi. Gari la umeme nitanunua, ila nitaanza na waya wa nyumbani, kisha nitatafuta lenye uvungu mrefu na betri iliyopimwa." Mpaka leo fedha ziko benki. Bibi naye hakunilaumu. Aliuliza tu kama gari lile lingepanda kwake mvua ikinyesha. Nikamjibu kweli, kwamba halingepanda.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, lakini nilianza hesabu kwenye karatasi ya muuzaji. Ilinipasa kuanza na safari yetu iliyo ngumu kuliko zote: usiku, mvua, mgonjwa, na betri isiyojaa. Gari linaloiweza safari hiyo litaziweza nyingine zote. Mzazi anayetaka kununua, na aiandike kwanza safari hiyo, kisha ampe mtoto wake wa Kidato cha Tatu au cha Nne aipigie hesabu. Haina fomula ambayo hatukufundishwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne