Somo la Nne: Mgahawa wa Kawaida Wenye Chakula Kimoja Bora

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji aweze kueleza kwa nini mgahawa wa kawaida huweza kuwa na chakula kimoja kilicho bora kuliko vingine vyote, atambue mipaka ya ubora huo, na ajue hatua za kuchukua anapopata madhara.

Utangulizi

Katika sheria za kumlinda mlaji, neno "mlaji" humhusu kila anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake, hata kama amenunua bati la kuezekea. Katika somo hili neno hilo linarudi kwenye maana yake ya asili.

Karibu kila mtaa una mgahawa wa namna hii: viti vya plastiki, meza zilizotandikwa nailoni, na ubao wenye orodha ndefu ya vyakula ambavyo nusu yake havipatikani. Hata hivyo, ifikapo saa moja asubuhi, madereva wa bodaboda, mafundi na makarani wamekwisha kujaa wakisubiri supu ya makongoro. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mlaji makini hana budi kujiuliza: ni kipi hasa kilichojiuza hapa? Ni supu; si mgahawa mzima.

Kwa nini chakula kimoja huwa bora

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni mazoea. Mpishi apikaye chakula kilekile kila siku kwa miaka mingi huyajua makosa yake yote na amekwisha kuyaacha.

Ya pili ni muda. Makongoro ni miguu ya ng'ombe, yaani ngozi, kano na gegedu. Sehemu hizi ni ngumu kwa sababu zimejaa protini iitwayo kolajeni, ambayo hugeuka jelatini inapochemshwa polepole kwa saa nyingi. Ndiyo maana supu iliyoiva vyema hunata midomoni, na ikipoa huganda. Hakuna kiungo kiwezacho kushika nafasi ya saa hizo. Mpishi hukesha na chungu chake.

Ya tatu ni mzunguko. Chakula kinachoisha kila siku hupikwa upya kila siku. Chungu cha supu kikiwa motoni tangu usiku hadi kinapokwisha, vijidudu havipati nafasi ya kuzaliana.

Mipaka ya ubora huo

Hapa ndipo walaji wengi hukosea. Saa nne asubuhi mteja anafika, naye mhudumu anamwambia: "Supu imekwisha, ila wali samaki upo." Mteja anakubali bila kuuliza, kwa imani aliyoipata kutokana na supu. Lakini zile sababu tatu haziuhusu wali wala samaki. Huenda hupikwa kwa nadra, kwa haraka, na kilichobaki jana huuzwa leo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kikiwa moto kiwe katika nyuzi zaidi ya 60 za Selsiasi. Kabati la kioo lisilo na moto wala barafu halitimizi lolote kati ya hayo.

Wengi hudhani kwamba kupasha moto huondoa hatari yote. Sivyo. Wali ulioachwa nje huweza kuota bakteria aina ya Bacillus cereus, ambaye hutoa sumu ya kutapisha isiyoharibiwa na moto wa kawaida wa jikoni. Samaki kama vibua na jodari, wasipohifadhiwa katika baridi tangu kuvuliwa, hujenga histamini, nayo haiondoki kwa kukaangwa. Alaye samaki huyo huweza kuwashwa mdomo, kuiva uso na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula.

Hatua za kufuata

1. Usiulize "Kipi kizuri?", kwani utajibiwa kwamba vyote ni vizuri. Uliza "Leo kipi kinatoka sana?" na "Hiki kimepikwa saa ngapi?"

2. Tazama sahani kabla ya kula. Chakula cha moto kitoe mvuke, na kisiwe na uvuguvugu tu.

3. Chakula ulichokifuata kikiisha, usione haya kuondoka. Kuisha kwake ni dalili njema. Kesho wahi mapema.

4. Uliza bei kabla ya kuagiza. Ukinunua nyama choma kwa kilo, uliza kama inapimwa mbichi au imekwisha kuiva, kwa kuwa moto hupunguza uzito. Hakikisha mizani inaanzia sifuri na ina stika ya Wakala wa Vipimo.

5. Dai risiti na uitunze.

Ukipata madhara

Nenda kwanza kituo cha afya. Kisha andika ulikula nini, wapi na saa ngapi, na uwaulize uliokula nao kama wamepata dalili hizohizo. Toa taarifa kwa afisa afya wa kata au halmashauri yako. Kwa Tanzania Bara, masuala ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Ya mizani yapelekwe Wakala wa Vipimo. Usianze kwa kueneza habari mtaani. Huenda kosa ni la sahani moja, na riziki ya mama lishe hujengwa kwa jina lake.

Taarifa ya mapema huwakinga watakaokula kesho, na humpa mwenye mgahawa nafasi ya kurekebisha mambo na kuendelea na supu yake.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu tatu zinazofanya chakula kimoja kiwe bora katika mgahawa wa kawaida.

2. Kwa nini kupasha moto wali wa jana si kinga kamili?

3. Fikiria mgahawa unaoupenda. Ni chakula gani unakijua kweli kwamba ni kizuri, na ni kipi unakiamini tu kwa sababu ya hicho?