Kutoka Tanga hadi Kigoma: Umbali wa Anga na Muda wa Safari

Mwanafunzi wa Chanika, Handeni, akiweka rula juu ya ramani ya Tanzania na kuunganisha kiwanja cha ndege cha Tanga, pwani ya Bahari ya Hindi, na kile cha Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ataona kuwa mstari huo unapita jirani na Korogwe, kilomita kama 40 kaskazini ya Chanika. Maswali mawili huzuka. Je, mstari huo una urefu gani? Na ndege huumaliza kwa muda gani? Swali la kwanza hujibiwa kwa hesabu za darasani. La pili lina mtego, na mtego huo waweza kupoteza roho za watu.

Umbali

Tanga ipo karibu na digrii 5 dakika 5 Kusini na digrii 39 dakika 4 Mashariki. Kigoma ipo karibu na digrii 4 dakika 53 Kusini na digrii 29 dakika 40 Mashariki. Dakika hizi si za saa. Kila moja ni sehemu ya 60 ya digrii. Tofauti ya latitudo ni dakika 12 tu, ndogo mno kubadili jibu. Tofauti ya longitudo ni digrii 9 dakika 24, yaani digrii 9.4.

Kwenye Ikweta, digrii moja ya longitudo ina kilomita 111 hivi. Kuelekea ncha za dunia mistari ya longitudo hukaribiana, kwa hiyo urefu huo huzidishwa kwa kosaini ya latitudo. Kosaini ya digrii 5 ni 0.996. Basi:

9.4 × 111 × 0.996 = kilomita 1,040 hivi.

Muda

Ichukuliwe ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Pasipo upepo, safari ni saa 3 na dakika 28. Lakini ndege angani ni kama mtumbwi mtoni: hewa ikisogea, nayo husogezwa. Upepo wa mashariki ukivuma kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa kwenda Kigoma huwa 340, na safari huchukua saa 3 na dakika 4. Mwendo wa kurudi huwa 260, na safari huchukua saa 4 kamili.

Wengi hudhani kuwa faida ya kwenda hufuta hasara ya kurudi. Sivyo. Faida ni dakika 24. Hasara ni dakika 32. Sababu ni kwamba upepo huisukuma ndege kwa saa 3 na dakika chache tu, bali huizuia kwa saa 4.

Hapo ndipo penye hatari. Rubani akijaza Kigoma mafuta ya saa 3 na dakika 28, pamoja na akiba ya dakika 30, mafuta yatakwisha dakika 2 kabla ya kufika Tanga, kilomita zipatazo 9 kutoka kiwanjani. Ndiyo maana rubani hupata kwanza taarifa ya upepo kutoka kwa wataalamu wa hali ya hewa, ndipo akapima mafuta.

Mazoezi

1. Handeni ipo karibu na digrii 5 dakika 26 Kusini na digrii 38 dakika 1 Mashariki. Tafuta umbali wa anga hadi Tanga kwa kanuni ya Pythagoras.

2. Rudia hesabu ya Kigoma kwa upepo wa kilomita 60 kwa saa. Hasara yazidi faida kwa dakika ngapi?

Majibu: (1) kilomita 122 hivi; (2) dakika 17 hivi.